Kilichofutwa Hakijafutika: Siri za Askari na Jamaa Zake Ndani ya Diski ya Kompyuta

Si kompyuta zote zinazouzwa katika jiji la Bujumbura zilizotoka kiwandani jana. Nyingine zilikwisha kuwa na bwana mwingine kabla: zilitumika katika ofisi za Ulaya, katika mashirika, katika maduka ya mjini kati, au katika nyumba ya jirani aliyepata uhamisho. Huko Buyenzi, ambako mafundi hodari huweza kufufua karibu kila chombo, na katika mitaa ya Bwiza na Ngagara, kompyuta moja yaweza kupita mikono mitatu au minne kabla ya kufa. Jambo hilo ni jema, kwa maana mali isiyotupwa ni akiba. Lakini kila mkono unaokipokea chombo hicho hupokea pamoja nacho kitu ambacho hakikutajwa wakati wa kupatana bei, yaani kumbukumbu za bwana wa kwanza.

Jambo hili lamhusu kila mtu, ila lawahusu askari, polisi na jamaa zao zaidi. Katika kompyuta ya nyumba ya askari hukaa picha za harusi na za watoto, hati ya kiwanja, namba za akaunti ya benki na barua za mume aliye safarini. Wakati mwingine hukaa pia orodha ya zamu, au taarifa iliyoanzwa kambini ikamaliziwa mezani nyumbani. Katika kompyuta ya polisi huweza kukaa jina la mama aliyekuja kituoni kushtaki kwamba amenajisiwa, au jina la raia mwema aliyemnong'oneza ofisa habari za wezi wa mtaa. Mama huyo na raia huyo hawakumwambia kila mtu. Walimwambia mmoja tu. Basi siku chombo hicho kinapouzwa au kinapopelekwa kwa fundi, maisha yao yamo ndani ya mfuko wa mtu wasiyemjua.

Wengi hudhani kwamba wamekwisha kujilinda kwa sababu walibonyeza kitufe cha kufuta, na wengine wakaongeza hata kumwaga kapu la taka la kompyuta. Dhana hiyo ni ya hatari, na inafaa tuieleze kwa nini.

KUFUTA NI NINI HASA?

Soko Kuu la Bujumbura lilipoteketea Jumapili tarehe 27 Januari 2013, karatasi zilizoshikwa na moto ule zilikwisha papo hapo, na hakuna aliyeweza kuzisoma tena. Diski ya kompyuta haina tabia hiyo.

Tuchukue mfano wa nyumba za kambi. Mlangoni yuko karani mwenye daftari, na ndani ya daftari imeandikwa nani anakaa chumba kipi. Mtu akihama, karani huchora mstari juu ya jina lake na kuandika kwamba chumba kiko wazi. Lakini karani hakwenda chumbani. Kitanda, sanduku na picha ukutani vimebaki kama vilivyokuwa, mpaka siku mpangaji mpya atakapoletwa na kuvitoa. Kabla ya siku hiyo, mtu yeyote asiyejali daftari, akapita moja kwa moja mlango hata mlango, ataviona vyote.

Hivyo ndivyo kompyuta inavyofuta. Haigusi faili lenyewe. Hugusa daftari tu. Katika fleshi na kadi nyingi za kumbukumbu, ambazo bado hutumia mtindo wa zamani wa kupanga mafaili, kinachobadilishwa katika daftari ni herufi ya kwanza ya jina la faili, ambayo hupewa alama ya kuonyesha kwamba nafasi ile ni wazi. Barua nzima, picha nzima, hubaki mahali pake. Kuna programu za bure, kama vile PhotoRec na Recuva, ambazo kazi yake ni kupita chumba kwa chumba bila kuuliza karani, na kijana wa sekondari aweza kujifunza kuzitumia kwa alasiri moja.

Hata mpangaji mpya akiingia, si lazima akijaze chumba. Faili jipya likiwa dogo kuliko nafasi iliyotengwa, pembe iliyobaki huweza kuendelea kushika kipande cha faili la zamani. Kwa sababu hiyo wataalamu wa upelelezi hupata nusu ya barua, mistari mitatu ya orodha, au picha iliyokatika, na mara nyingi kipande hicho kinatosha.

Jambo la pili ni lile linaloitwa kufomati. Watu wengi huapa kwamba diski waliyoiuza ilikuwa imefomatiwa. Lakini kufomati kuko kwa namna mbili. Kufomati kwa haraka, kunakomalizika kwa sekunde chache, ni kumpa karani daftari jipya tupu; vyumba havikuguswa. Kufomati kamili, katika Windows kuanzia toleo la Vista na kuendelea, huandika sifuri katika diski nzima, na kwa hiyo huchukua saa nyingi. Mtu anaweza kujua ni ipi iliyofanywa kwa kutazama saa yake ya mkononi tu.

YALIYOKWISHA KUWAPATA WENGINE

Kati ya mwaka 2000 na 2002 wanafunzi wawili wa chuo maarufu cha MIT huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 zilizokwisha kutumika. Diski 129 kati ya hizo zilikuwa bado zinafanya kazi. Walipozichunguza waligundua kwamba diski 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika zile nyingine walikuta barua za watu, habari za magonjwa yao na maelfu ya namba za kadi za benki. Diski moja ilikuwa imetolewa katika mashine ya benki ya kutolea fedha. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003.

Katika bara letu wenyewe, mwaka 2009 waandishi wa habari waliokuwa wakifuatilia biashara ya kompyuta chakavu nchini Ghana walinunua diski sokoni kwa dola 40. Ndani yake walikuta hati za kampuni ya Northrop Grumman ya Marekani, inayotengeneza silaha na vyombo vya ulinzi, zinazohusu mikataba yake na serikali. Diski hiyo ilikuwa imevuka bahari kama taka.

Habari iliyowagusa askari zaidi ni ile ya Bagram, kambi kubwa ya jeshi la Marekani huko Afghanistan. Mwezi Aprili 2006 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba nje ya lango la kambi hiyo, katika vibanda vya bazaa, zilikuwa zikiuzwa fleshi zilizoibwa kambini. Ndani yake mlikuwa na namba za siri za utambulisho wa askari, maelezo ya kazi za kijeshi, na, jambo la kutisha kuliko yote, majina na picha za Waafghani waliokuwa wakiwapelekea Wamarekani habari. Baada ya fedheha hiyo, askari waliingia bazaa wakipita kibanda hata kibanda, wakizinunua fleshi zote walizoziona. Fleshi iliyorudishwa ilirudi, lakini macho yaliyokwisha kuisoma hayakurudishwa. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ile ilikuwa imepita mikono mingi.

Wala si kompyuta peke yake. Mashine nyingi kubwa za fotokopi za ofisini zina diski ndani yake, ambayo huweza kuhifadhi sura ya karatasi zilizopita juu ya kioo. Mwaka 2010 waandishi wa televisheni ya CBS walinunua mashine nne zilizotumika kutoka ghala moja la New Jersey. Moja ilikuwa imetoka katika idara ya makosa ya kunajisi ya polisi wa mji wa Buffalo, na diski yake ilitoa habari za mashauri yaliyokuwa siri. Nyingine ilikuwa ya kampuni ya bima ya afya ya New York iitwayo Affinity. Humo zilikutwa habari za wagonjwa, na mwaka 2013 kampuni hiyo ililipa zaidi ya dola milioni 1.2 kwa kosa hilo. Kila kituo cha polisi na kila ofisi ya jeshi inayobadilisha mashine ya fotokopi inapaswa kujiuliza swali hilo kabla ya kuipakia garini.

KISU CHENYE MAKALI PANDE MBILI

Polisi aliyesoma mpaka hapa atakuwa amekwisha kutambua upande wa pili wa jambo hili. Kile kinachomhatarisha mtu mwema ndicho kinachomnasa mhalifu.

Huko Marekani, katika mji wa Wichita, mtu mmoja aliua watu kumi kati ya mwaka 1974 na 1991, na kwa miaka mingi hakukamatwa. Alikuwa na kiburi cha kuwaandikia polisi na waandishi wa habari. Mwezi Februari 2005 alituma diski ndogo ya plastiki kwa kituo cha televisheni, akidhani haiwezi kumtaja. Wapelelezi walikuta ndani yake mabaki ya hati iliyofutwa. Hati hiyo ilibeba jina la kanisa moja na jina la mtu aliyeihifadhi mara ya mwisho: Dennis. Siku chache baadaye, tarehe 25 Februari 2005, Dennis Rader alikuwa mikononi mwa polisi. Daftari lilisema chumba ki wazi, lakini sanduku lake lilikuwamo.

Afrika Mashariki nayo ina mifano yake. Mwezi Agosti 1997 polisi wa Kenya na wapelelezi wa Marekani waliipekua nyumba ya Wadih el-Hage mjini Nairobi, wakachukua kompyuta. Ndani yake ilikutwa barua iliyoeleza hofu na mipango ya kikundi cha al-Qaeda katika eneo letu. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani zililipuliwa Nairobi na Dar es Salaam, wakafa watu zaidi ya 200. Mwaka 2001 yaliyotoka katika kompyuta ile yalisomwa mahakamani New York. Fazul Abdullah Mohammed, aliyetajwa kuwa mpangaji mkuu wa mashambulizi hayo, aliwindwa miaka mingi, mpaka usiku wa kuamkia tarehe 8 Juni 2011, alipouawa na askari wa Somalia katika kizuizi cha barabarani mjini Mogadishu. Alikuwa amebeba vyombo vya kuhifadhia habari, na humo zilikutwa hati zilizozungumzia mipango ya kushambulia hata London. Wakati huo vikosi vya Burundi, vilivyotangulia kufika Somalia mwezi Desemba 2007, vilikuwa katika mji huo huo. Wapo wasomaji wa ukurasa huu wanaojua thamani ya habari inayopatikana kabla bomu halijalipuka.

Kutokana na mifano hiyo, mwanajeshi au polisi anayekamata kompyuta, simu au fleshi asijaribu kuifungua kwa udadisi wake. Kila mara chombo kinapowashwa huandika mambo mapya, na kila kinachoandikwa huweza kumpa karani mpangaji mpya wa kukitupa nje kile kilichokuwa ushahidi. Kikabidhiwe kwa wenye utaalamu kama kilivyokutwa, na iandikwe saa, mahali na jina la aliyekikamata.

KABLA YA KUFUTA, MASWALI MAWILI

Swali la kwanza: Je, habari hii ni yangu? Faili la ofisi si mali ya aliyeliandika. Askari anayehamishwa, au polisi anayestaafu, hana ruhusa ya kusafisha kompyuta ya kazini kwa hiari yake. Aikabidhi kwa mkubwa wake, naye mkubwa aamue kwa maandishi kitu gani kihamishwe katika hifadhi na kipi kiteketezwe. Burundi ina sheria ya mwezi Machi 2022 ya kuzuia na kuadhibu makosa yanayofanywa kwa njia ya kompyuta na mitandao. Zaidi ya hayo, kuharibu ushahidi ili kumficha mkosaji ni kosa, hata kama chombo ni cha mtu binafsi. Makala haya hayakuandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo.

Kuna sababu kubwa kuliko adhabu. Mwezi Julai 2005, huko Guatemala katika Amerika ya Kati, iligunduliwa ghala ya polisi iliyojaa kurasa zipatazo milioni 80, zenye vumbi na unyevu. Familia ambazo kwa miaka mingi hazikujua ndugu zao walikopotelea zilianza kupata majibu katika karatasi hizo. Nchini kwetu Tume ya Ukweli na Maridhiano iliundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na kila Mrundi anajua uzito wa karatasi moja inayosema nani alichukuliwa, siku gani, akapelekwa wapi. Basi kusafisha si sawa na kusahaulisha. Siri ya raia ifutwe katika chombo kinachouzwa. Kumbukumbu ya taifa ihifadhiwe mahali pake.

Swali la pili: Je, ninayo nakala? Picha ya marehemu baba ikifutwa kwa njia tutakazoeleza hapa chini, hakuna fundi duniani atakayeirudisha. Hamisha kwanza yote unayoyataka katika diski nyingine, ukayafungue huko uone kwamba yanasomeka, ndipo uanze kazi.

NJIA ZA KUFUTA KIKWELI

Kwanza, fahamu diski uliyo nayo. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka, nazo huandikwa kwa sumaku. Ukiiwasha na kuweka sikio karibu, huisikia ikivuma. Diski mpya, zinazoitwa SSD, hazina kitu kinachozunguka. Ni chipu tupu, ndugu wa fleshi. Dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Kwa diski inayozunguka, dawa ni kuandika juu ya diski nzima. Ikiwa ni diski ya pembeni, ifungue katika Windows, chagua kufomati, kisha ondoa alama katika kisanduku cha kufomati kwa haraka. Ikiwa ni diski ambayo kompyuta yenyewe inaitumia kuwakia, haiwezi kujifuta ikiwa kazini. Tumia njia iliyomo katika Windows 10 na 11 ya kuirudisha kompyuta katika hali ya mwanzo, ukichagua kuondoa kila kitu na pia kusafisha diski. Usipochagua sehemu ya kusafisha, umebadilisha daftari tu.

Kazi hii yataka subira. Diski ya terabaiti moja, ikiandikwa kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, huchukua karibu saa tatu. Ikiunganishwa kwa waya wa zamani wenye kasi ya megabaiti 30, huchukua zaidi ya saa tisa. Chagua siku ambayo umeme hauna wasiwasi, kwani ukikatika katikati, ni heri kuanza upya kuliko kukisia.

Wengine watakuambia kwamba ni lazima kuandika mara 35. Hesabu hiyo ilitoka katika utafiti wa Peter Gutmann wa mwaka 1996, nayo ilihusu aina nyingi za diski za wakati ule. Kwa diski za siku hizi, mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2014 ulieleza kwamba kuandika mara moja juu ya diski nzima kwa kawaida kunatosha. Mara moja kwa ukamilifu ni bora kuliko mara 35 zilizoachwa nusu.

Je, mtu asiyeuza kompyuta yake, ila anataka yale aliyokwisha kuyafuta zamani yasionekane tena? Windows ina amri iitwayo cipher. Ikiandikwa cipher /w:C:\ katika dirisha la amri, haigusi mafaili yaliyopo. Huandika juu ya vyumba vilivyo wazi tu, ili masanduku ya wapangaji wa zamani yatoke. Amri hiyo inafaa kwa diski zinazozunguka.

Kwa diski za SSD na fleshi, mambo hubadilika. Chipu huchakaa kwa kuandikwa, na kwa hiyo ndani yake mna karani wa pili, wa siri, anayehamisha vitu chumba kwa chumba ili vyote vichakae sawasawa. Ukimwagiza aandike juu ya barua ya zamani, yeye huandika katika chumba kingine, na barua ile hubaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha mwaka 2011 kwamba njia za kufuta faili moja moja zilizotengenezwa kwa ajili ya diski za sumaku hazikufaa kitu katika diski hizo. Dawa yake ni amri ya kusafisha iliyowekwa ndani ya diski yenyewe, ambayo huitwa kwa programu ya kiwanda kilichoitengeneza. Na kwa kuwa watafiti hao waliona kwamba viwanda vingine havikuitengeneza amri hiyo sawasawa, iko dawa iliyo bora zaidi, yaani kinga.

Kinga hiyo ni kufunga diski nzima kwa maandishi ya fumbo tangu siku ya kwanza. Windows ina BitLocker katika baadhi ya matoleo yake, kompyuta za Apple zina FileVault, na VeraCrypt hupatikana bure. Kila kinachoandikwa hugeuzwa fumbo, na fumbo hilo hufunguliwa kwa ufunguo mmoja. Siku ya kuuza, ufunguo ukiharibiwa, yaliyobaki ndani ni vumbi lisilo na maana, hata karani wa siri aliyaficha wapi. Lakini uangalifu unahitajika: ukisahau neno la siri nawe ukapoteza ufunguo wa akiba, vitu vyako mwenyewe vimekwisha. Andika ufunguo huo katika karatasi, uufungie pamoja na hati za nyumba, wala usiubandike chini ya kompyuta.

Simu za mkononi zimesaidiwa na kinga hiyo hiyo. Kuanzia toleo la Android 6, la mwaka 2015, simu mpya zenye nguvu ya kutosha zilitakiwa kufungwa kwa fumbo tangu kiwandani. Kabla ya kuuza simu, ondoa kwanza akaunti zako, kisha irudishe katika hali ya kiwanda kwa kupitia mipangilio yake. Halafu toa kadi ya simu na kadi ya kumbukumbu. Kadi hiyo ya kumbukumbu usiiuze. Bei yake haifikii hata thamani ya picha moja ya mtoto wako.

Diski iliyokufa, isiyowaka, haiwezi kuandikwa, lakini fundi mwingine aweza kuifufua. Hiyo ivunjwe. Ya kuzunguka itobolewe kwa keekee mahali pengi, ikipita katika sahani zenyewe. Vaa miwani ya kazi, kwa maana sahani nyingine ni za kioo, nazo hupasuka vipandevipande. Ya chipu haitoshi kutobolewa mara moja. Kila chipu ivunjwe. Usichome moto uani, kwa kuwa moshi wa plastiki na madini hayo ni sumu kwa watoto, wala usigonge betri ya simu, kwani huweza kulipuka na kuwaka.

Jambo la mwisho katika njia hizi: kufuta nakala moja si kufuta nakala zote. Tarehe 20 Julai 2013, mjini London, wahariri wa gazeti la The Guardian walivunja kompyuta zao kwa keekee na mashine za kusaga, mbele ya maofisa wawili wa idara ya usalama wa mawasiliano ya Uingereza. Kazi ilifanywa barabara, lakini habari zenyewe hazikupotea, kwa sababu nakala nyingine zilikuwa New York. Vivyo hivyo, picha uliyoipeleka kwa WhatsApp iko katika simu ya uliyempelekea, na huenda iko katika simu za wale aliowapelekea yeye. Huko kitufe chako hakifiki.

UKIFUTA KWA BAHATI MBAYA

Yaliyosemwa hapo juu yana faraja yake. Mama aliyefuta picha za ubatizo au za Idi kwa kuteleza kidole asikate tamaa, ila asimame hapo hapo. Asipige picha mpya, asihamishe muziki, asiweke programu yoyote katika chombo kile, kwa maana kila kitu kipya ni mpangaji anayetafuta chumba. Kadi ya kamera itolewe, ipelekwe kwa mtu anayejua kutumia programu za kufufua, na kinachofufuliwa kihifadhiwe katika chombo kingine. Katika diski za SSD bahati huwa ndogo zaidi, kwani nyingi husafisha vyumba vilivyo wazi zenyewe, polepole. Hata hivyo, kwa kuwa hazisafishi kwa wakati ujulikanao, muuzaji asizitegemee.

Na unapopeleka chombo kutengenezwa, mafundi wengi ni waaminifu, lakini mwaminifu asitiwe majaribuni. Kama ugonjwa ni wa kioo au wa chaja, omba diski itolewe uondoke nayo. Kama haiwezekani, kaa hapo mpaka kazi ishe.

NI AMANA

Babu zetu waliofanya kazi ya askari walichoma karatasi za siri na kuyakoroga majivu yake. Walifanya hivyo kwa sababu walijua kwamba karatasi ile haikuwa na jina lao peke yao. Leo karatasi zimepungua, lakini majina ya watu yamezidi. Mke ana haki kwamba barua zake zisisomwe na mnunuzi wa kompyuta. Mwenzako wa zamu ana haki kwamba anwani ya nyumba yake isiokotwe katika fleshi ya franga chache. Yule mama aliyekuja kituoni akilia ana haki kubwa kuliko wote.

Kwa hiyo, kabla kompyuta ya nyumba yako haijatoka mlangoni, zikae saa chache za kuisafisha kama desturi inavyotaka kuosha chombo cha jirani kabla ya kukirudisha. Tahadhari kabla ya hatari. Tena mwenye nyumba asifanye kazi hiyo peke yake gizani. Awaite mke na watoto wakubwa, awaonyeshe daftari ni lipi na chumba ni kipi, ili siku atakapokuwa safarini, waweze kuilinda amana hiyo wao wenyewe.